Karanga Zetu na Superman Wao

Jumamosi iliyopita niliingia katika duka moja la vitabu vya katuni vya zamani hapa Dallas nikiwa na bahasha kwapani, na ndani ya bahasha hiyo mlikuwa na nakala ya SANI, gazeti letu la katuni la Tanzania, niliyoibeba kutoka Tanga mwaka juzi, nikiwa nimeilaza katikati ya kanga mbili ili isikunjike. Mwenye duka ni mzee mpole ambaye kahawa yake huinywea mlangoni, mbali na meza ya biashara, kwa kuogopa tone moja tu. Alinawa mikono, akaifuta, akaipokea nakala ile kwa viganja viwili, kisha akaanza kuuliza. Ni toleo la ngapi? Lilitoka mwaka gani? Zilichapwa nakala ngapi? Nani alichora ukurasa huu? Sikuwa na jibu la swali hata moja, kwa sababu jalada lilikwisha kubanduliwa zamani, nadhani lilikwenda kuvishwa daftari la mtoto wa shule, na namba ya toleo ikaondoka nalo. Mzee alitabasamu, akanirudishia, akasema ni kitu kizuri lakini hawezi kukitia bei. Nilitoka nimeudhika, na kwa siku tatu sikujua nimeudhika na nani.

Dallas hii ndiyo makao ya nyumba ya mnada ya Heritage, ambayo mwezi Aprili 2024 iliuza nakala moja ya Action Comics namba 1 kwa dola milioni 6. Hicho ndicho kitabu cha Juni 1938 ambamo Superman alijitokeza kwa mara ya kwanza, na siku kilipotoka mtoto alikipata kwa senti 10. Novemba 2025 nyumba hiyohiyo ikauza nakala ya Superman namba 1 ya mwaka 1939 kwa dola milioni 9.12, bei ambayo hakuna kitabu cha katuni kilichokuwa kimewahi kuifikia. Nakala yenyewe ilikutwa na ndugu watatu huko California darini mwa nyumba ya marehemu mama yao, ndani ya boksi lililolaliwa na magazeti ya zamani. Nilipomsimulia rafiki yangu wa Ngamiani, Tanga, habari hiyo kwa simu, alicheka hadi akakohoa, kisha akasema kwamba darini kwao kuna popo tu.

Kwetu hapakuwa na dari, palikuwa na uvungu. Baba mdogo, aliyefanya kazi bandarini, alikuwa akikusanya matoleo ya SANI katika sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na yale magazeti ya picha ya mpelelezi Lance Spearman ambayo watu wa rika lake walipokezana hadi kurasa zikawa laini kama kitambaa. Alipohamia Mwanza alimwachia shangazi sanduku lile, na shangazi alikuwa akiuza karanga. Sitaki kumsingizia mtu: mkono uliochana kurasa zile ni wangu. Ukurasa mmoja ulitoa koni mbili, nilizizungusha kwenye kidole gumba na kuikunja ncha kwa ndani, na kwa kuwa kisa cha Lodi Lofa au cha Ndumilakuwili, wahusika wa SANI, kilikatwa katikati, mteja alipata nusu ya kicheko. Wapo waliorudi, chumvi ikiwa bado midomoni, kuulizia koni yenye nusu iliyobaki.

Hapa ndipo wenzangu wa ughaibuni hupenda kutoa hukumu yao ya haraka kwamba Mzungu hutunza na Mwafrika huchana. Naikataa hukumu hiyo, kwa sababu Wamarekani nao walivitupa vitabu hivi kwa bidii isiyo na mfano. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watoto walihamasishwa kukusanya makaratasi ya kusagwa upya, na katuni zao zikaenda humo humo. Zilizonusurika zilitupwa na akina mama waliotaka vyumba visafi baada ya vijana wao kuoa au kwenda jeshini. Inakadiriwa kwamba Action Comics namba 1 ilichapwa nakala laki mbili hivi na kwamba zilizobaki duniani ni kama 100 tu. Bei ya leo ni tunda la utupaji huo. Lau kila mama angekuwa mtunzaji, kitabu hicho kingekuwa na thamani ya soda.

Anayebisha na atazame yaliyotokea walipoanza kutunza wote kwa pamoja. Mwaka 1991 X-Men namba 1 ilitoka kwa nakala zaidi ya milioni 8, na mwaka uliofuata likaja toleo la kifo cha Superman, namba 75, likiuzwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki ambao wanunuzi wengi hawakuthubutu kuufungua, maana walinunua nakala tano tano wakiamini kwamba zingewalipia watoto wao ada ya chuo kikuu. Watoto hao sasa ni watu wazima, na mfuko ule mweusi bado unapatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Maduka mengi yalifungwa, na mwezi Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe, iliyotoa X-Men, ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika. Kwa hiyo mtu asinijie na habari kwamba huku kuna hekima ya kuzaliwa nayo.

Tofauti iko mahali pamoja tu, nayo ni daftari. Mwaka 1970 mtu mmoja wa Tennessee, Robert Overstreet, alitoa kitabu cha bei kilichoorodhesha katuni toleo kwa toleo, na tangu hapo kila mwenye nakala aliweza kujua anacho nini na anakosa nini. Mwaka 2000 ikaja kampuni ya CGC, ambayo hupokea kitabu, hukikagua ukurasa kwa ukurasa, hukipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, hukifungia ndani ya plastiki ngumu, na huandika katika orodha yake kwamba nakala za alama hiyo sasa zimefika idadi fulani. Mnunuzi aliyeko Tokyo anaweza kutoa fedha bila kukigusa kitabu. Ipo nakala ya Action Comics namba 1 iliyonunuliwa mwaka 2018 kwa dola milioni 2 na ushei, ikauzwa tena mwaka 2021 kwa dola milioni 3.25, na katika miaka ile mitatu hapakuwa na lolote lililoongezeka ndani yake, hata mstari mmoja wa wino. Kilichonunuliwa ni uhakika.

Sasa turudi kwetu. SANI ilianza miaka ya 1970, na jina lake limetokana na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, silabi ya kwanza ya kila mmoja. Humo ndimo ilimopita kalamu ya Philip Ndunguru, aliyefariki akiwa bado kijana, na ndimo walimoishi Kipepe, Pimbi na Madenge. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi katika gazeti la Taifa Leo. Nasema bila haya kwamba Lodi Lofa, na suruali yake na ufukara wake wa kujigamba, ni kiumbe kamili kuliko nusu ya mashujaa waliovaa vitambaa mabegani ambao mzee wa duka huwafungia kabatini. Lakini nani kati yetu anaweza kuniambia Lodi Lofa alitokea mara ya kwanza katika toleo la ngapi? Tumechana kama wao, nakala zetu zimekuwa adimu kama zao na pengine kuliko zao, na uadimu huo hautuletei hata shilingi, maana hakuna mahali palipoandikwa ni vingapi vilivyokuwepo. Na msiniambie kwamba sisi si watu wa kuandika. Daftari la michango ya harusi ya mwaka 1998 lipo, limehifadhiwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, na jina la yule aliyeahidi asitoe limepigiwa mstari mara mbili.

Najua wapo watakaosema kwamba nyumba ya mama inavuja na mimi nanunua vikaragosi. Bati za mama zilibadilishwa kabla sijanunua kitabu hata kimoja, na asiyeamini apite mtaani kwetu akatazame. Tena hesabu yangu naiweka wazi, kwa sababu katika jambo hili watu hutaja milioni 6 na kunyamazia mengine. Kitabu changu cha kwanza, cha miaka ya 1970, nilikinunua dola 60. Kukipeleka kupimwa na kukirudisha kulinigharimu dola 45. Baada ya miaka minne nilikiuza dola 140, na mtandao niliouzia ukakata dola 20. Nilibaki na faida ya dola 15, ambayo isingetosha hata shughuli ndogo ya kumtoa mwali. Wakubwa nao wana makato yao: serikali ya Marekani huweza kutoza hadi asilimia 28 ya faida ya vitu vya kukusanya vilivyokaa zaidi ya mwaka, ilhali hisa zilizokaa muda huohuo hutozwa asilimia 20 kwa juu kabisa, na kitabu hakitoi gawio wala kodi ya pango wakati unakisubiri. Kwa hiyo anayeniuliza kama auze kiwanja chake cha Pongwe anunue katuni, jibu langu ni hapana, ingawa kiwanja nacho kina mambo yake na hatuhitaji kuyarudia hapa.

Ninachoweza kusema kwa miaka yangu michache ya kuchungulia soko hili ni kwamba vinavyopanda kwa muda mrefu ni vile ambamo mhusika anayejulikana hata na watoto wa leo alionekana mara ya kwanza, vyenye nakala chache zinazojulikana idadi, na vilivyokaa mbali na jua. Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, kitabu cha senti 12 kilichomzaa Spider-Man, kilifika dola milioni 3.6 mwaka 2021 kwa sababu hizo zote tatu. Karatasi yenyewe ni ya gazeti, ina asidi ndani yake, na hujila taratibu; joto, mwanga na unyevu huiharakisha, na hewa ya bahari hula pini za katikati hadi zikaacha doa la kutu. Tanga ina vyote hivyo, na mchwa juu yake. Sasa nakala yangu isiyo na jalada imo ndani ya plastiki maalumu na kadi isiyo na asidi, vitu nilivyonunua kwa mzee yuleyule aliyeshindwa kuitia bei, na mke wangu ameuliza mara moja tu vimegharimu kiasi gani.

Atatokea pia wa kusema kwamba nimekwenda ng'ambo nikajifunza kutia bei hata vicheko vya utotoni. Huenda kuna ukweli hapo. Lakini wale waliocheka na SANI nikiwa mdogo sasa wana miaka hamsini na sitini, na bei ya kitu cha namna hii hushikiliwa na wanaokikumbuka. Hata huku wenye mikusanyiko huulizana kwa hofu nani atanunua watakapoondoka wao. Kumbukumbu zetu hazijaanza kuandikwa, na waandikaji wanapungua kila Ijumaa.

Jumanne usiku nilimpigia shangazi, nikamwamkia, nikamwuliza kama anakumbuka lile sanduku la bati lilikuwa na matoleo mangapi. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama huku Marekani hakuna karanga. Nikamweleza habari ya mzee wa duka na maswali yake. "Mwanangu, idadi siikumbuki," akasema. "Ila zile koni zenye Lodi Lofa nilikuwa naziweka chini ya sinia mpaka jioni, maana nikizitoa asubuhi zinakwisha, halafu zile zenye matangazo hazinunuliwi." Nikamwomba asubiri nichukue kalamu.