Usaili wangu wa PhD, babu kaubeba wote

Yaani mimi digrii yangu ni ya uhasibu, fasihi wala hatujuani, ila mjini Moshi kazi niliyopata ni kupandisha wageni mlimani na wanaokuja kwetu wengi ni Wajerumani, lugha ikaniingia mpaka nikapata cheti cha C1, basi shetani akanituma nikasome PhD ya Germanistik, yaani lugha na fasihi ya Kijerumani. Kule Ujerumani kwanza unasaka profesa akukubali ndo mengine yafuate, na ukitokea fani nyingine wanaweza kukubandika masomo ya nyongeza. Nikaandika andiko langu kuhusu wapanda mlima wa Kijerumani na walichokiandika, kina Hans Meyer, yule aliyefika kileleni 1889 akarudi kwao na jiwe la huko akampa Kaiser, mfalme wao. Profesa mmoja mama akajibu, tuongee kwa video.

Sasa chumba changu kimepakana na fundi wa kuchomelea mageti, nikapanda zangu Old Moshi kwa babu, kule kumetulia na mtandao upo. Nikamwomba, babu, naongea na mwalimu wa Ujerumani, naomba kelele zisiwepo. Akaitikia vizuri tu.

Yule profesa anauliza mhasibu anatafuta nini kwenye fasihi, ndo najikoroga na Goethe wangu, yule mwandishi wao maarufu, pale, naona kwenye kioo babu katokea nyuma, kavaa koti la kanisani na kofia, kavuta kigoda kakaa. Profesa akampungia mkono. Babu hana habari naye.

"Mwulize kichwa cha Mangi Meli, chifu wetu, kiko wapi."

Babu, huyu ni wa fasihi jamani, hahusiki.

"Si Mjerumani? Walimnyonga hapa hapa 1900, kichwa wakaondoka nacho. Uliza."

We utabishana na mzee wa themanini na kitu mbele ya kamera? Nikatafsiri. Yule mama akaiva mpaka masikio, akaanza kueleza makumbusho ya Berlin, mafuvu yalivyopimwa DNA, mengine ndugu zao wakapatikana huku, ila la Meli bado, mimi natafsiri jasho linanichuruzika, na babu (ambaye kanisani huwa analala mahubiri yote) macho kodo, kila yule mama akimaliza ananiambia, "Hajajibu." Afu kwa upole kabisa, "Na lile jiwe je?"

Jiwe nilimsimulia mwenyewe asubuhi yake, najionesha msomi.

Muda ukaisha hivyo hivyo, Goethe hakurudi tena. Baadaye barua pepe ikaja, mimi nimepewa mstari mmoja, nianze na masomo ya nyongeza semesta mbili. Iliyobaki yote ni babu: anaendeleaje, je Alhamisi anaweza kuongea naye tena, arekodi? Nikamsomea babu.

Kasema Alhamisi ana kikao cha ushirika wa kahawa, na huyo mama asipige simu mikono mitupu, aanze na kichwa.