Njia tupu ya Shela inatosha picha

Mi naona wachoraji wetu wa huku Lamu wanaogopa kuchora njia tupu. Pitia picha zinazouzwa madukani, karibu zote ni mlango wa nakshi, punda, na mwanamke wa buibui aliyetupa mgongo. Zinauzwa, sikatai, na mchoraji naye ana watoto wa kulisha. Ila njia yenyewe hakuna aliyeiangalia, kuta zinapigwa nyeupe moja kwa moja kutoka kwenye tyubu basi, yani kazi yote kaachiwa punda.

Mwaka 1873 mchoraji Mfaransa Paul Cézanne alichora Auvers-sur-Oise, kijiji cha Ufaransa, njia inateremka katikati ya nyumba za mlimani na hakuna mtu hata mmoja, na 1874 akaipeleka Paris kwenye yale maonyesho ya kwanza ya kina Monet, wale wachoraji walioitwa Impressionists. Sasa iko Musée d'Orsay, makumbusho ya huko huko Paris. Rangi kaipaka nzito, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukuta unauona una uzito wa jiwe. Kijiji kimenyamaza lakini hakijahamwa, na hapo ndipo penye ufundi.

Sasa hebu panda Shela, kijiji cha hapa hapa kisiwani Lamu, saa saba mchana watu wameshaswali adhuhuri wameingia ndani, njia inapanda kuelekea kwenye vilima vya mchanga na jua liko utosini. Utaona chokaa si nyeupe hata kidogo! Penye kivuli inaingia buluu, huku chini chumvi na unyevu vimeila plasta imebanduka mpaka mawe ya matumbawe yanachungulia, na juu mvua imeacha michirizi myeusi. Kwenye baraza ya daka, yani ukumbi wa mlangoni, kuna pea ya ndara, moja imepinduka. Ndara zile zanitosha kujua kuna mtu kajilaza ndani, sihitaji kuchorewa mgongo wake.

Na kile kilima kwa nyuma jamani msikipake manjano tu mkaenda zenu, mchanga ule ndio unaohifadhi maji matamu ya kisima yanayonywewa mpaka Lamu mjini, kwa hiyo mwenye kuuchora aukazanie kama anavyoukazania mlango wa nakshi.

Nyinyi wenye mahoteli na nyumba za wageni ndio wanunuzi wakubwa, basi mkiagiza picha za ukutani agizeni njia tupu pia, na mchoraji mlipeni bei ile ile ya yenye punda.