Tikiti tunaziona, hesabu hatuzioni

Asubuhi, jua likiwa bado halijapanda juu ya mabati ya soko moja la Kenya, mojawapo ya komine (vitongoji vyenye utawala wake) za hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mama anayeuza makayabu, yaani samaki wa chumvi, na unga wa muhindi huwa ameshapokea kikaratasi chake cha kwanza. Mtoza ushuru hukichana kutoka kwenye kitabu kidogo, huchukua faranga mia chache na kuhamia meza ya jirani. Kufikia saa nne mama huyo anaweza kuwa na vikaratasi vitatu: cha meza, cha usafi, na kingine ambacho wino wake umefifia kiasi kwamba hata aliyekileta hawezi kukieleza. Vyote anavitia ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, kwa sababu anajua kwamba kesho atakuja mwingine na kudai kuwa jana hakulipa. Mkebe ule ndio daftari lake la fedha za umma. Kuhusu fedha zinazoingia, ana ushahidi wa siku hadi siku. Kuhusu fedha zinazotoka, hana hata karatasi moja.

Ninauanzia mkebe huo kwa sababu kila mwaka, kikao cha bajeti cha bunge la jimbo letu la Haut-Katanga kinapokaribia mwishoni mwa Septemba, mabishano yale yale hurudi mjini: je, raia wa kawaida ana kazi gani ya kuichunguza serikali ya jimbo, sheria zake na matumizi yake, ikiwa tayari amechagua wabunge wa kuifanya kazi hiyo? Pande zote mbili zina hoja nzito kuliko zinavyopewa na wapinzani wao, na nadhani pande zote mbili zinabishania karatasi isiyo yenyewe.

Tuanze na wanaotetea serikali, kwani hao ndio husikilizwa kidogo zaidi nje ya ofisi. Hoja yao ya kwanza ni ya kikatiba. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 197, inalipa bunge la jimbo kazi mbili: kujadili mambo yaliyo chini ya mamlaka ya jimbo, na kuikagua serikali ya jimbo pamoja na huduma za umma za jimbo na za mahali. Wabunge wana vyombo vya kufanyia hivyo: swali la mdomo au la maandishi, kumwita waziri ajieleze, tume ya uchunguzi, na mwishowe hoja ya kutokuwa na imani. Raia akitaka kila hati iwekwe mezani kwake, wanasema, tutakuwa na wakaguzi laki kadhaa na kazi hazitakwenda.

Hoja ya pili ni ya fedha, na hapa kuna ukweli ambao vijana wengi wa mashirika ya raia hawapendi kuukumbuka. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema kuwa sehemu ya mapato ya taifa inayogawiwa majimbo ni asilimia 40, nayo ikatwe moja kwa moja kwenye chanzo, yaani jimbo lichukue chake kabla fedha hazijaondoka. Hilo halijawahi kutekelezwa inavyopaswa. Fedha huenda Kinshasa, kisha Kinshasa hurudisha inachorudisha, wakati inapotaka. Juu ya hayo, mwaka 2015 Katanga ya zamani iligawanywa kuwa majimbo manne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na migodi mikubwa ya Kolwezi ikabaki upande wa Lualaba. Serikali ya Haut-Katanga ikaendelea kubeba mji mkubwa wenye barabara nyingi, mifereji mirefu na mahitaji ya zamani, huku sehemu ya utajiri uliokuwa ukivigharimia imehamia kwa jirani.

Kwa hiyo mtu anapochukua fotokopi ya ukurasa mmoja wa bajeti, akaona mamilioni yaliyoandikwa mbele ya neno barabara, kisha akatoka nje na kukuta mashimo, anaharakisha kusema kwamba fedha zimeliwa. Inawezekana zimeliwa. Inawezekana pia hazikufika kamwe. Bajeti ni makadirio. Ni orodha ya vitu tunavyotarajia kununua iwapo mshahara utaingia. Mama wa soko anaelewa jambo hili kuliko wanasheria, kwa sababu naye kila mwezi hupanga karo ya watoto watatu na mwishoni hulipa ya mmoja. Anayemshitaki gavana kwa kutumia ukurasa wa makadirio peke yake hajafanya uchunguzi. Amefanya siasa, na tumeona jinsi siasa ya namna hiyo inavyotumiwa. Katika miaka ya karibuni magavana kadhaa nchini wamepigiwa hoja za kutokuwa na imani ambazo makosa ya matumizi yalitajwa mbele, ilhali nyuma yake ulikuwa ugomvi wa vyama na wa vyeo. Raia waliobeba mabango siku zile hawakujua walikuwa wakimbebea nani.

Sasa tugeukie upande wa pili. Hoja kwamba wabunge wapo na inatosha ingekuwa na nguvu kama mbunge angesimama mbali na anayemkagua. Kwa kifungu cha 198 cha Katiba, gavana huchaguliwa na wabunge haohao wa jimbo kwa muda wa miaka 5. Wao pia ndio wanaowachagua maseneta, na Machi 2019 rais wa Jamhuri alisimamisha kwa muda kuingia kazini kwa maseneta wapya kwa sababu ya tuhuma za rushwa katika uchaguzi uliofanyika mabungeni majimboni. Sidai kwamba kila mbunge ana bei. Ninachodai ni kwamba ukaguzi uliowekwa mikononi mwa watu wachache, wanaofahamiana na waliokwisha kutuhumiwa kuuziana na kununuliana kura, hauwezi kuitwa kinga ya kutosha. Isitoshe, marupurupu ya wabunge wa jimbo hutoka hazina ya taifa na mara nyingi huchelewa, na mbunge mwenye njaa hukaa jirani sana na mlango wa gavana.

Tena kuna ukaguzi unaotoka Kinshasa. Ukaguzi Mkuu wa Fedha umefanya kazi ambayo haikuzoeleka nchini. Taarifa yake ya Februari 2023 juu ya mkataba wa Sicomines, ule wa kubadilishana madini na miundombinu kati ya Kongo na kampuni za China, ilionyesha kwamba kati ya dola bilioni 3 zilizoahidiwa kwa miundombinu, zilizotumika zilikuwa dola milioni 822 tu, na mwaka uliofuata mkataba ukajadiliwa upya. Hilo ni jambo kubwa. Lakini tazama mwendo wa chombo hicho pale faili inapopaswa kufika mahakamani: shamba kubwa la serikali la Bukanga-Lonzo lilizinduliwa mwaka 2014, na hukumu juu ya fedha zake, dhidi ya waziri mkuu wa zamani Matata Ponyo, ilitolewa na Mahakama ya Katiba Mei 2025. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uzinduzi alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi.

Jirani wa mradi huona mapema zaidi. Katika komine ya Katuba, kwenye mfereji wa maji ya mvua uliojengwa karibuni, limesimama bango la kazi. Limeandikwa kwa Kifaransa: jina la mradi, jina la kampuni, muda wa miezi 6. Pale penye neno la kiasi cha fedha pamepakwa rangi nyeupe, kwa uangalifu, kwa brashi ndogo. Mzee mmoja mwashi aliyestaafu, ambaye nyumba yake inatazamana na mfereji huo, aliinama mbele yangu, akakwaruza ukingo kwa msumari, na mchanga ukamwagika kama chumvi. "Simenti ilipita hapa kusalimia tu, mwanangu," akasema. Mzee yule hahitaji sheria ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya zabuni za umma ili kujua kwamba kazi ni mbovu. Anaihitaji ili kujua nani aliitoa kazi hiyo, kwa bei gani, na kama kulikuwa na zabuni ya wazi, ambayo kwa sheria ile ndiyo kanuni, au makubaliano ya watu wawili, ambayo yanapaswa kuwa nadra. Ujuzi anao tayari. Karatasi ndiyo inayokosekana.

Na karatasi ikipatikana, lugha ni ukuta wa pili. Sheria za jimbo, zile tunazoziita edi, huandikwa kwa Kifaransa cha ofisini, hujadiliwa kwa Kifaransa, na huchapishwa katika gazeti rasmi ambalo sijawahi kuliona likiuzwa penye magazeti ya barabarani. Ushuru mpya hutangazwa kwa Kiswahili kupitia kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, ili kila mtu aelewe anachopaswa kulipa. Sijawahi kusikia kipaza sauti hicho kikitangaza kilicholipwa.

Kwa kutenda haki, tuseme kwamba hata upande wa wachunguzi una kasoro zake. Mashirika ya raia yanayodai hesabu za serikali kwa nadra hubandika za kwao, ingawa mengi huishi kwa fedha za wafadhili wa nje. Kuna vijana ambao hawaendi kwenye mkutano wa uchunguzi wa bajeti kabla ya kuuliza nauli ni kiasi gani, na kuna taarifa zinazoandikwa ili mfadhili azisome, huku wakazi wa Ruashi wakizisikia redioni kama wageni. Tangu Sheria ya Dijitali ya Machi 2023 ilipotoka, anayesambaza tarakimu za uongo kwenye simu anaweza kupelekwa mahakamani. Hilo linapaswa kumfundisha raia uangalifu. Kwa bahati mbaya linaweza pia kumfundisha kunyamaza, kwa kuwa mahali ambapo tarakimu za kweli zimefichwa, kila tarakimu inaweza kuitwa ya uongo.

Anayeona haya kuwa anasa ya wasomi atazame mashariki. Tangu Mei 2021, kwa amri ya hali ya dharura, Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya magavana wa kijeshi na mabunge yao ya majimbo yakasimamishwa. Hoja ilikuwa usalama, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuidharau. Lakini wenzetu wa Goma walikaa miaka wakilipa ushuru bila bunge hata la kujifanya linauliza, na hali hiyo haikuuzuia mji kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025.

Kwa maoni yangu, mahali ambapo uchunguzi wa raia unaweza kuuma haraka ni chini zaidi ya jimbo. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaugawa mrabaha wa madini, yaani malipo ambayo kampuni hutoa kwa madini inayochimba, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta au himaya ya kichifu ambamo mgodi unafanya kazi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia ile 15 hulipwa moja kwa moja kwa mwenyewe bila kuzungukia Kinshasa, na sheria inataka itumike kwa miundombinu ya msingi ya jamii peke yake. Hapa kisingizio cha fedha ambazo hazijarudishwa hakipo. Komine zetu za Ruashi na Annexe zina shughuli za madini, na Desemba 2023 madiwani wa komine walipigiwa kura katika miji mikuu ya majimbo. Kampuni inajua ililipa kiasi gani, bugumesta, mkuu wa komine, anajua alipokea kiasi gani, na mkazi anaweza kwenda kwa miguu kutazama shule au zahanati iliyojengwa. Pande tatu za hesabu ziko ndani ya umbali wa pikipiki moja. Ikiwa uchunguzi utashindwa hata hapo, basi wanaosema raia hawawezi kuchunguza watakuwa na hoja ambayo leo hawana.

Kuhusu jimbo lenyewe, nimesema tunabishania karatasi isiyo yenyewe. Sheria ya fedha za umma ya tarehe 13 Julai 2011 inataka, pamoja na bajeti, iwepo hati nyingine: ile ya kufunga hesabu za mwaka uliokwisha, inayoonyesha kilichoingia kweli na kilichotoka kweli. Bajeti ina sherehe, kamera na suti. Hati ya kufunga hesabu haina mpenzi. Gavana mwaminifu angepaswa kuwa wa kwanza kuibandika ukutani, kwa sababu ndiyo ingeonyesha kwamba Kinshasa haikutuma, na ingewanyamazisha wanaosoma makadirio kama risiti. Gavana asiye mwaminifu ndiye pekee mwenye sababu ya kuificha. Inashangaza kwamba serikali zinazolalamika kuonewa zinaiacha silaha yao bora kabatini, na mwenye kutafakari atajiuliza kwa nini.

Njia ya kuiomba ipo, haina fujo wala haihitaji mfadhili. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuipelekea mamlaka ya umma ombi, peke yake au pamoja na wengine. Mamlaka hiyo hujibu ndani ya miezi 3, na hakuna anayeweza kushitakiwa kwa kuliandika. Kasoro yake ni kalenda. Ombi linalopelekwa siku kikao cha bajeti kinapofunguliwa, mwisho wa Septemba, linaweza kujibiwa kihalali mwisho wa Desemba, wakati kikao kinafungwa na kura imeshapigwa. Anayetaka hesabu za mwaka jana ziwe mezani kabla bajeti mpya haijajadiliwa inambidi apeleke barua yake mwezi wa Juni, katikati ya baridi ya kiangazi, wakati Lubumbashi nzima haimkumbuki mbunge hata mmoja.