Swali la Waya Liliwekwa Kwenye "Mengineyo"

Jumamosi iliyopita nilikaa karibu saa tano katika ukumbi wa hoteli moja hapa Kisumu, kwenye mkutano wa chama cha wanasaikolojia na washauri nasaha wa kanda yetu, na nikatoka na uchungu ambao hadi leo haujaniachia. Nilikuwa nimealikwa kwa sababu ninasimamia ofisi ya ushauri nasaha katika shule ya upili. Ajenda ilikuwa na mambo saba. Ada ya uanachama. Nani aruhusiwe kujiita mwanasaikolojia na nani abaki mshauri nasaha. Pointi za mafunzo endelevu. Kongamano la mwaka lifanyiwe wapi. La saba lilikuwa Mengineyo.

Niliinua mkono mapema. Nikauliza ni lini chama kitatupa maswali ya kupimia huzuni ambayo mama wa Ahero au mzee wa Mumias anaweza kuyaelewa kwa lugha anayolalia na kuamkia. Mwenyekiti alinijibu kwa upole kwamba hoja ni nzuri na tutaifikia kwenye Mengineyo. Suala la nani ajiite nani lilikula saa mbili na dakika arobaini. Kisha tukaambiwa chakula kiko tayari, watu wana safari ndefu, wengine wanarudi Bungoma na Kisii. Mengineyo hayakufikiwa. Mkutano wote uliendeshwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la kutajwa.

Sikuuliza kwa kutaka kusikika. Niliuliza kwa ajili ya Waya.

Waya ni dada mkubwa wa baba. Mwaka juzi alimzika kitindamimba wake, na tangu hapo usingizi ukamkimbia. Alikonda hadi nguo zikawa zinamvaa yeye. Mwezi wa tatu nikampeleka kwenye kituo kimoja cha afya. Tulipokelewa vizuri. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na adabu na uso wa mtu anayetaka kusaidia. Alitoa karatasi yenye maswali tisa, ile ile PHQ-9, dodoso la kupimia huzuni ambalo sote tulioguswa na kazi hii tunalijua, imeandikwa kwa Kiingereza, akawa anaitafsiri papo hapo.

"Mama, katika wiki mbili zilizopita, umekuwa ukijisikia chini?"

Waya aliangalia sakafu, kisha akaangalia kiti chake. "Hapana, daktari. Nimekaa kwenye kiti."

Hakuwa anatania. Alijibu alichoulizwa. Kijana akaandika sifuri.

"Umepungukiwa na raha ya kufanya vitu?"

Mama aliyezika mtoto unamuuliza habari za raha. Waya alinyamaza kidogo, akasema, "Shamba nalima. Omena nauza. Kazi nafanya." Sifuri nyingine. Lilipofika swali la tisa, lile la kuwaza kufa au kujiumiza, mlango ulikuwa wazi, mimi nimesimama pembeni, na kwenye benchi la nje watu watatu wanangoja zamu. Waya akasema la. Kijana akajumlisha. Pointi 4 kati ya 27. Chini ya 5, kwa hesabu ya karatasi hiyo, mtu hana tatizo la kushughulikiwa. Akapewa dawa za maumivu ya mgongo tukaenda zetu.

Kwenye matatu, tulipopita Nyamasaria, Waya alinishika mkono. "Nyathina," yaani mwanangu, akasema, "chunya chandore. Usiku mawazo yanakuja moja baada ya jingine kama watu wa matanga, na hakuna hata moja linaloondoka."

Hatukuwa tumefika Ahero. Yote ambayo maswali tisa yalikuwa yanayatafuta alikuwa ameyasema kwa pumzi moja, bila kuulizwa, kwa mtu asiye na kalamu. Chuny kwa Mjaluo ni ini, ni moyo, ni nafsi. Mtu akikuambia chuny yake inamsumbua, amekufungulia mlango wa nyumba yake ya ndani kabisa. Na kwenye karatasi ile hapakuwa na mahali pa kuliandika neno hilo.

Simlaumu yule kijana. Alifanya kazi kwa chombo alichopewa. Ninawalaumu waliokaa ukumbini pamoja nami Jumamosi, kwa sababu wao ndio wangeweza kumpa chombo kingine.

Mashine ya kupimia presha ikisoma vibaya, muuguzi huiondoa mezani siku hiyo hiyo. Hakuna atakayemruhusu kuendelea kuwafunga wagonjwa mkononi huku akijua kwamba namba inayotoka si yao. Sasa katika saikolojia mashine ni neno. Hatuna damu ya kuchota wala picha ya kupiga. Tuna swali na jibu, basi. Neno likikosea, kila kinachofuata kimekosea: pointi, faili, rufaa, takwimu za kaunti, hata bajeti inayoombwa kwa takwimu hizo. Halafu tunakaa kujadili vyeo vya watu wanaoshika mashine mbovu.

Na wala si kwamba njia haijulikani. Zimbabwe walianza na neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, kwa sababu hivyo ndivyo Washona wanavyolitaja donda lao. Dodoso lao la maswali 14 lilijengwa kwa Kishona kuanzia chini, kutokana na maneno ya wagonjwa wenyewe. Daktari Dixon Chibanda alipoanza, mwaka 2006, kuwaketisha akina nyanya kwenye mabenchi nje ya zahanati za Harare ili wawasikilize watu, benchi lile kwanza liliitwa la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Nyanya wenyewe ndio waliomwambia jina hilo linafukuza watu. Likawa Benchi la Urafiki, na watu wakaja. Mbao zilikuwa zile zile na nyanya walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni neno.

Karibu zaidi, hapa Uganda, kabla ya kujaribu tiba ya vikundi katika Rakai na Masaka, watafiti waliwauliza kwanza wanavijiji wanaiitaje hali hiyo. Wakapewa maneno mawili, yo'kwekyawa na okwekubazida, moja la kujichukia na jingine la kujihurumia. Walitibu wakiwa na maneno hayo mkononi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalikuwa mazuri. Rwanda, baada ya mauaji ya 1994, washauri walilipata neno ihahamuka midomoni mwa watu, neno la kukatika pumzi, wakafanya kazi nalo. Sisi tumebandika ukutani bango linalosema "unyogovu", neno la kitaalamu la huzuni hii tunayoipima. Nimewauliza wanafunzi wangu arobaini wa kidato cha tatu maana ya unyogovu. Mmoja alidhani ni ugonjwa wa mifupa. Watanzania wana sonona, neno zuri ninalolipenda, lakini nenda nalo Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, uone litakavyopokelewa. Mtu wa Kondele atakuambia ana mawazo. "Niko na mawazo mengi." Mjaluo atasema paro mang'eny, na jirani yangu wa zamani kule Nakuru atasema meciiria maingi. Lugha tatu zinasema jambo moja, na dodoso letu haliulizi hata mara moja kama mawazo yamekuzidi.

Hili si jambo jipya kwangu. Mapema mwaka 2008 nilikuwa Nakuru, nimemaliza shule, nikajitolea kutafsiri kwa waliokimbilia uwanja wa maonyesho baada ya ghasia za uchaguzi. Mshauri mmoja aliyetoka Nairobi aliniambia nimwambie mama fulani kwamba alichonacho kinaitwa kiwewe. Nikamwambia. Mama yule akakasirika sana. "Kiwewe ni cha mtu asiyejua aendako," akasema. "Mimi najua ninakotaka kwenda. Nataka kwenda nyumbani kwangu, na siwezi." Mshauri aliandika kitu na kusonga hema la pili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilidhani kosa ni langu, kwamba nimetafsiri vibaya. Miaka mingi imepita kabla sijaelewa kwamba nilikuwa nimetafsiri vizuri kabisa neno ambalo halikuwa lake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba suala la vyeo si la bure. Sheria ya mwaka 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia iliwekwa kwa sababu, na matapeli wanaofungua vyumba vya ushauri mjini bila mafunzo wanaumiza watu. Lakini sheria hiyo iliunda bodi, na leseni ni kazi ya bodi. Chama kikijifanya bodi ya pili, kazi ya chama itafanywa na nani?

Nakubali pia kwamba kuna waliotangulia. PHQ-9 ilijaribiwa huku huku magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Ni kazi ya kuheshimiwa. Basi niambieni kwa nini, miaka yote hii, kijana wa kituo cha afya bado anatafsiri kwa kubahatisha. Utafiti uliobaki ndani ya jarida haujamsaidia Waya. Ndivyo pia tasnifu zinazolala kwenye rafu za Maseno na Egerton, ambako wanafunzi wamezunguka vijijini na kurudi na maneno ya thamani, wakavaa joho, na maneno yakafungiwa kabatini. Mwanafunzi mmoja hawezi kulifikisha neno kwenye kila zahanati. Bodi haitumwi kazi hiyo. Chama chenye wanachama Siaya, Kakamega, Kericho, Kisii na Nakuru, wanaozungumza Dholuo, Kiluhya cha kila tawi, Ekegusii, Kikalenjin na Gikuyu, ndicho pekee chenye masikio ya kutosha. Mmoja atafsiri. Mwingine ambaye hajayaona maswali ya awali airudishe tafsiri hiyo kwa Kiingereza, na pale zinapopishana mkae na wazee muulizane. Kisha mjaribu maswali hayo kwa watu waliokwisha kuzungumza kwa kina na mtaalamu, muone kama yanakubaliana. Ni kazi ya miaka, si ya kongamano moja. Lakini ada tunazolipa ni za nini?

Chama kikiamua, kinaweza. Hadi juzi juzi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimpeleka aliyejaribu kujiua jela hadi miaka 2. Fikiria kuuliza swali la tisa katika nchi yenye sheria hiyo, na kutarajia ukweli. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili kilikuwa miongoni mwa walioipeleka sheria hiyo kortini, na tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akasema inakiuka Katiba. Hao walikuwa chama cha kitaaluma kama sisi. Hawakuiweka kwenye Mengineyo.

Jumapili, nikiwa bado na hasira, nilienda kwa Waya na ile karatasi. Nilimkuta na wenzake watatu wa chama chao cha kuweka akiba, wamekaa chini ya mwembe wakichambua omena. Niliwaambia nina maswali tisa ya kizungu na ninataka wanisaidie kuyauliza vizuri. Nilidhani tutamaliza kwa nusu saa. Swali la kwanza peke yake lilituchukua hadi chai ikapoa, kwa sababu walibishana kama mtu huacha kupenda kazi au kazi humwacha mtu. Waliamua kwamba swali sahihi ni kama siku hizi ukipika unaonja. Mwanamke ambaye chuny yake imelemewa, walisema, hupika chakula cha watoto akakipakua bila kuonja chumvi.

Nililiandika hilo neno kwa neno. Waya hakuchangia. Alikuwa akitazama mikono yake. Baadaye akasema, polepole, kwamba haonji tangu mazishi, na wenzake wakaacha kuchambua.

Tulipofika swali la tisa jua lilikuwa linazama. Nililisoma kwa sauti ya chini. Kimya kikawa kirefu, nikaanza kujuta. Kisha yule mkubwa wao akavuta kigoda chake hadi magoti yake yakagusana na ya Waya. "Hilo," akaniambia bila kugeuka, "huulizi ukiwa umesimama." Akanitaka niweke kalamu chini, nikaweka, na akamuuliza yeye mwenyewe, kwa Dholuo, kwa maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu yalikuwa yao.

Waya akamjibu.