Mti Hauli Udongo

Waulize wanafunzi wa mwaka wa kwanza swali hili muhula unapoanza: mti mkubwa una tani kadhaa za mbao, je, uzito wote huo umetoka wapi? Wengi watasema umetoka udongoni. Wengine watataja maji, na wachache watataja mwanga wa jua, kana kwamba mwanga unaweza kugeuka gogo. Mwanzoni mwa kozi sioni ubaya wowote katika majibu hayo. Kinachonikosesha raha ni kwamba ukirudia swali hilohilo muhula unapoisha, baada ya mihadhara ya usanisinuru (jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga), mchoro wa kloroplasti, sehemu ya seli kazi hiyo inapofanyika, na mlinganyo waliokariri hadi idadi ya molekuli, bado utawapata wengi wanaosema "udongoni". Mlinganyo wanaujua vizuri, ila hawajawahi kuambiwa wauhusishe na mti.

Nafundisha kozi hii ya utangulizi wa biolojia, na msimamo wangu ni kwamba tunafundisha mada nyingi mno, tena majina yanatangulia na maswali yanachelewa au hayaji kabisa. Ningekata theluthi nzima ya mada bila kusita. Muda utakaopatikana ningeutumia kwa kazi moja: mwanafunzi ajifunze kuifuata maada, atomi imetoka wapi na imekwenda wapi, na aeleze tumejuaje.

Tuanze na huo mti. Jan Baptist van Helmont, aliyeishi katika eneo ambalo leo ni Ubelgiji, alipanda mche wa mwerebi wenye ratili 5 katika chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Alipoupima mwishoni, mti ulikuwa umefika ratili 169 na kidogo. Udongo ulipokaushwa tena ulikuwa umepungua wakia 2 hivi tu. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki, na hitimisho lake lilikuwa kwamba mti wote umetokana na maji. Hapo alikosea, na kosa hilo lina faida kubwa darasani, kwa sababu ni van Helmont huyuhuyu aliyeeleza kwamba ukichoma ratili 62 za makaa hubaki ratili 1 ya majivu, na kwamba sehemu nyingine yote huondoka ikiwa gesi. Gesi hiyo tunaifahamu leo kuwa kabonidayoksaidi, na ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya mbao za mwerebi wake. Aliitambua kwenye makaa, lakini kwenye mti hakuiweka katika hesabu.

Wape wanafunzi takwimu hizo bila jibu. Waambie wageukiane wawili wawili watafute mahali hoja ya van Helmont inapovuja. Dakika 10 zinatosha kuzua mabishano ya kweli. Mmoja atashikilia kwamba hewa haina uzito. Mwingine atauliza, na hili ni swali ninalolisubiri kwa hamu, hewa itatoshaje kujenga gogo ikiwa kabonidayoksaidi ni kama sehemu 4 tu katika kila 10,000? Hapo sasa matundu ya jani yana sababu ya kutajwa. Upana wa jani una sababu. Hata kimeng'enya cha rubisko, kinachonasa kabonidayoksaidi ndani ya jani, ambacho hufanya kazi polepole kiasi kwamba jani hulazimika kukibeba kwa wingi, kinaingia darasani kikiwa jibu la mtu aliyeuliza. Jina likija namna hiyo halihitaji kukaririwa usiku wa kuamkia mtihani.

Swali la pili ni la mafuta ya mwilini. Mtu akipunguza kilo 10 za mafuta, kilo hizo zimekwenda wapi? Utaambiwa zimeungua zikawa nishati, au zimetoka na jasho. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown walichapisha hesabu yao katika jarida la kitabibu la BMJ: katika kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa kabonidayoksaidi, na kilo 1.6 huwa maji. Walipowauliza madaktari, wataalamu wa lishe na wakufunzi wa mazoezi, jibu la wengi lilikuwa kwamba mafuta yamegeuka nishati. Watu hao hawakukosa elimu ya biolojia. Walikaa kwenye kumbi za mihadhara wakasikilizishwa mzunguko wa Krebs, yaani jinsi seli inavyovunja chakula kupata nishati, hatua kwa hatua, wakafaulu, lakini hakuna aliyewasimamisha kuwauliza kaboni inayotoka kwenye mzunguko ule inaishia wapi. Kama hujui kwamba ndiyo unayoitoa puani sasa hivi, sioni umebaki na nini.

Kuhusu "tumejuaje", jaribio ninalolipa nafasi kubwa kuliko yote ni la Matthew Meselson na Franklin Stahl la mwaka 1958. Kulikuwa na maelezo matatu ya jinsi DNA, molekuli ya nyuzi mbili inayobeba taarifa za urithi, inavyojinakili: nyuzi mbili za zamani zibaki pamoja na nakala iwe mpya kabisa, au kila molekuli ipate uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya, au vipande vya zamani na vipya vichanganyike katika nyuzi zote. Meselson na Stahl waliwakuza bakteria wa *E. coli* kwenye naitrojeni nzito, kisha wakawahamishia kwenye naitrojeni ya kawaida, na baada ya kila kizazi wakaizungusha DNA kwa kasi kubwa katika mmumunyo wa chumvi ya metali ya sizi (caesium) ili itengane kufuatana na wiani wake. Kabla sijaonyesha matokeo, kila mwanafunzi anachora mirija mitatu, mmoja kwa kila maelezo, na kuweka mstari pale anapotarajia DNA itulie. Kisha naonyesha kizazi cha kwanza: mstari mmoja, katikati. Maelezo ya kwanza yamekufa. Mawili yaliyobaki bado yanalingana na picha, na hapo ndipo darasa hunyamaza, kwa sababu waliodhani wameshinda wanagundua hawajashinda. Kizazi cha pili kinaleta mistari miwili, mmoja katikati na mmoja juu inakotulia DNA nyepesi, na yale maelezo ya vipande vilivyochanganyika nayo yanaanguka. Naona fahari kila ninapolifundisha jaribio hili. Mwanafunzi anatoka akijua jinsi DNA inavyojinakili, na anaweza kumshawishi mtu mwingine bila kusema "mwalimu kasema".

Kukata ni kukata nini? Ningeanza na orodha ndefu za faila, yaani makundi makuu, za wanyama zinazosomwa zote ndani ya wiki mbili. Ningeondoa majina ya vijihatua vitano vya profesi ya kwanza (hatua ya mwanzo) ya meiosisi, mgawanyiko wa seli unaotengeneza seli za uzazi, ila meiosisi yenyewe ibaki na ifundishwe kwa utulivu. Mageuko nisingeyagusa, bali ningeyatoa mwisho wa kozi yanakosukumwa kila muhula nikayaleta mbele. Seli mundu peke yake inaweza kubeba mihadhara kadhaa: herufi moja ya DNA inabadilika, asidi amino ya sita kwenye mnyororo wa beta wa hemoglobini inakuwa valini badala ya asidi ya glutamiki, oksijeni ikipungua hemoglobini inajipanga nyuzi nyuzi, chembe nyekundu inapinda, na mtu mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Jeni, protini, seli, ugonjwa na uteuzi asilia, vyote katika kisa kimoja.

Wapo wenzangu wanaosema mada zikipunguzwa wanafunzi watafika mwaka wa pili na mapengo. Nawaheshimu, lakini mapengo yapo tayari, yamefunikwa tu na alama za kukariri. Na wazo hili si la mtu mmoja. Mwaka 2011 chama cha kisayansi cha Marekani, AAAS, kilitoa ripoti inayotaka kozi za biolojia za shahada ya kwanza zijengwe juu ya dhana tano, na ufuatiliaji wa nishati na maada ni mojawapo.

Wengine wanasema darasa la mamia haliwezi kujadiliana. Linaweza. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za kozi za sayansi, uhandisi na hisabati. Katika mihadhara ya kawaida walioshindwa walikuwa karibu asilimia 34. Pale wanafunzi walipofanya kazi darasani walikuwa karibu asilimia 22. Kwenye darasa la watu 300 tofauti hiyo ni watu 36, kila mmoja na ndoto yake ya udaktari, kilimo au utafiti. Siwezi kuitazama namba hiyo nikaendelea kusoma slaidi.

Wanafunzi wenyewe watalalamika, hilo ni kweli. Utafiti wa Louis Deslauriers na wenzake, uliofanywa Harvard kwenye madarasa ya fizikia na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba wanafunzi waliofanya kazi darasani walijifunza zaidi huku wakihisi wamejifunza kidogo. Mhadhara laini humfanya mtu ajione ameelewa. Kwa hiyo waelezwe mapema kwa nini watachoka, na mkuu wa idara asimhukumu mhadhiri kwa fomu za maoni peke yake.

Yote haya yatakuwa bure mtihani usipobadilika, maana wanafunzi husoma kinachopewa alama. Hili hapa swali mnaloweza kulitumia muhula huu: mbegu zimeoteshwa gizani kwa maji matupu. Baada ya wiki moja miche ikikaushwa na kupimwa, uzito wake utazidi ule wa mbegu kavu za mwanzo, utapungua, au utakuwa uleule? Kaboni imekwenda wapi? Jibu ni kwamba utapungua, kwa sababu mche umepumua bila kupata mwanga wa kutengeneza sukari. Sentensi tatu za maelezo zinatosha, na karatasi moja haimalizi dakika kusahihishwa. Lipeni alama sawa na zile za maswali ya kutaja orodha, na watangazieni wanafunzi tangu wiki ya kwanza kwamba maswali ya aina hiyo yatakuwepo.