Kiti cha Opereta Kisiwe cha Mabingwa Peke Yao

Kila mwaka, katika wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba, bendi za masafa mafupi hufurika waendeshaji wa redio ya ridhaa wanaoshiriki mashindano ya CQ World Wide kwa njia ya sauti, yanayoanza saa sita usiku wa kuamkia Jumamosi kwa saa za UTC (saa za kimataifa) na kudumu kwa saa 48. Miongoni mwao wamo wanachama wa vilabu vya vyuo vikuu, na kuhusu vilabu hivyo nina neno ambalo huenda lisiwafurahishe wenzangu: klabu ya chuo inayowakabidhi maikrofoni wanachama wawili au watatu hodari kwa wikendi nzima, huku wanafunzi wapya wakiachiwa kuvuta kamba za antena na kubeba betri, imepata alama lakini haijafanya kazi yake.

Hoja ya mabingwa ninaielewa, kwa kuwa hesabu ya mashindano haya haina huruma. Mawasiliano na kituo cha bara jingine huleta pointi 3, kisha jumla ya pointi huzidishwa kwa idadi ya nchi na kanda zilizopatikana katika kila bendi, dunia ikiwa imegawanywa katika kanda 40. Klabu yenye pointi 1,500 na vizidisho 150, yaani jumla ya nchi na kanda hizo, ina alama 225,000. Kituo kimoja zaidi cha bara jingine, kisicho na kizidisho kipya, kitaiongezea alama 450, ilhali kituo cha nchi mpya katika kanda mpya kitaiongezea 3,456. Opereta mzoefu huijua tofauti hiyo bila kushika kalamu, na hujua wakati wa kuendelea kuita kwenye masafa yake na wakati wa kuyaacha akawinde kituo adimu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajui, na kila dakika anayobabaika ina gharama.

Hata hivyo, yafaa tutazame kinachotokea katika dakika hiyo ya kubabaika. Mwanafunzi ameita, vituo kadhaa vimejibu kwa mpigo, na katika vurumai hiyo amenasa herufi mbili tu za mwisho za alama ya wito, yaani herufi na tarakimu zinazokitambulisha kituo. Asiyefundishwa atasema "rudia tafadhali", na wote watarudia kwa pamoja. Aliyefundishwa hutamka zile herufi mbili alizozisikia, "Lima Kilo" (yaani L na K), kisha hunyamaza. Wenye adabu hukaa kimya, mwenye herufi hizo hujibu, ripoti na nambari ya kanda hubadilishwa, na shughuli nzima huisha kwa sekunde chache. (Ripoti yenyewe ni "tano tisa", yaani unasikika vizuri kabisa, kwa kila mtu, hata kwa kituo kilichoombwa kurudia alama yake mara nne kwa sababu hakisikiki, ni uongo wa hisani ambao jumuiya nzima imeuridhia.) Ustadi huo wa kusikia kidogo na kuuliza kidogo haupatikani kwa kumtazama bingwa begani.

Kuna pia somo la anga. Mwanafunzi wa uhandisi anaweza kufaulu mtihani kuhusu tabaka la D la ionosfea (sehemu ya juu ya angahewa inayoathiri mawimbi ya redio), linalofyonza mawimbi ya masafa ya chini mchana na kufifia jua likishazama, na bado akaduwaa bendi ya mita 10 (bendi huitwa kwa urefu wa mawimbi yake) inapomfia jioni kabla hajamaliza kubadilishana ripoti. Akiwa yeye ndiye mwenye zamu, atalazimika kuhamia mita 40, na huko atavikuta vituo vya mbali ambavyo adhuhuri havikusikika kabisa.

Kipimo ninachokipendekeza badala ya nafasi kwenye jedwali ni usahihi wa daftari la mawasiliano. Washiriki hutuma madaftari yao ndani ya siku 5, kompyuta huyalinganisha, na mawasiliano yenye alama ya wito iliyoandikwa vibaya huondolewa pamoja na kukatwa pointi za ziada. Ripoti ya ukaguzi huo huonyesha kosa moja moja, na klabu iliyoandika nani alikuwa kitini saa ipi inaweza kuona ni nani huchanganya S na F, na ni nani huanza kukosea alfajiri ya Jumapili kwa uchovu. Nashangaa kuona vilabu vinavyotangaza alama zao siku hiyo hiyo na visifungue kamwe ripoti hiyo.

Wala nisieleweke kuwa wageni wapewe saa zile tu ambazo bendi zimelala. Wapewe saa za msongamano pia, mwenye leseni na uzoefu akiwa kando yao na hedifoni za pili, akiingilia pale tu mambo yanapokwama kabisa. Wanaotaka kushindania nafasi za juu wana wikendi kamili ya mwisho ya Novemba, ambapo mashindano hayo hayo hufanyika kwa Morse. Huko mabingwa wa klabu wakalie kiti watakavyo, mradi hedifoni za pili zisikose mtu.