Valvu Ikipiga Kelele, Usikimbilie Kuizika

Jumamosi iliyopita nilitoka Uyole kwenda Mwanjelwa, hapa Mbeya, na preampu yangu ya valvu (kile kiboksi kinachokuza sauti ya santuri kabla haijafika kwenye amplifaya; valvu ni vile vichupa vya kioo vinavyofanya kazi hiyo) ndani ya boksi la biskuti, nimeipakata kwenye daladala kama mtoto mchanga. Spika ya kushoto ilikuwa inakaanga. Unaweka santuri, na kabla mpiga gitaa hajagusa uzi unasikia chaaa, pu, chaaa, pu-pu, kama dagaa wametupwa kwenye mafuta ya moto.

Fundi (simtaji, ana watoto wa kulisha) akaiwasha, akasikiliza dakika moja huku anajibu meseji, na bila kufungua hata skrubu moja akatoa hukumu: "Bosi, valvu zote nne zimekufa. Elfu tisini na tano moja, naagiza Dar. Hizi mbovu niachie hapahapa." Nikamuuliza, zikija mpya kelele itakwisha? Akacheka. "Aa, bosi, hizi si ni valvu? Ndivyo zilivyo, lazima zikaange kidogo."

Yaani nitoe 380,000 ninunue kelele mpya, maana ile ya zamani nimeizoea.

Hilo "ndivyo zilivyo" ndilo lililonirudisha nyumbani na hasira. Valvu nzima, kwenye saketi nzima, haikaangi. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna mchacho mdogo usioisha kabisa; ukisogeza sikio hadi kwenye kitambaa cha spika utausikia. Lakini ukiwa umekaa kwenye kochi na chai yako? Hapana. Hapo kuna kitu kinaumwa, na kabla hujamzika mgonjwa mpime kwanza.

Kipimo chenyewe hakina gharama hata ya nauli. Zima, chomoa waya ukutani, subiri zipoe. ECC83 (ndiyo aina ya valvu zangu) ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto, zile za hatua ileile ya kukuza sauti. Washa usikilize. Chukulia valvu ni mpangaji. Akihama na ugomvi ukahama naye, mgomvi ni yeye. Akihama na ugomvi ukabaki chumba kilekile, basi tatizo ni nyumba. Mimi nilihamisha wapangaji wote wanne, jozi moja baada ya nyingine, na dagaa wakaendelea kukaangwa kushoto. Kwa hiyo valvu alizozisomea hitima yule bwana hazikuwa na hatia.

Nyumba, basi. Asubuhi za baridi huku kwetu, ukungu ukishuka kutoka mlimani hata chumvi mezani inalowa. Pini za valvu nazo hazisalimiki. Nilisugua pini zote tisa za kila valvu kwa mswaki wa zamani na spiriti, nikachomeka na kuchomoa kwenye soketi mara kadhaa ili vyuma vikwanguane. Mchacho ukapungua nusu. Pu-pu ikabaki.

Hapo nikachukua kijiti cha mshikaki, kikavu kabisa. Naomba hapa tuelewane, maana sitaki kuja kula ubwabwa wa msiba wa mtu: ndani ya kile kiboksi kuna volti 250 na zaidi, na kapasita zinaukumbuka umeme hata baada ya kuchomoa waya. Mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika mti tu. Kama huna uzoefu, mtafute mwenye nao, anayefungua kifuniko. Nikagusa kiungo kimoja kimoja taratibu. Kufika mguu wa soketi ya pili kushoto, PAA! Risasi ya kulehemu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umezunguka mguu mzima kama pete. Nikazima, nikahakikisha kapasita zimekwisha umeme, nikayeyusha risasi upya. Kimya.

Nilikaa pale sakafuni muda mrefu, nikisikiliza mvua kwenye mabati ya jirani. Zamani ilikuwa inafunikwa na dagaa.

Haya, kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, niseme pia kwamba valvu moja kati ya nne ina matatizo kweli. Ukiigonga kidogo kwa raba ya penseli, spika inajibu "ting!" kama kengele ya baiskeli, vyuma vyake vya ndani vimelegea, vinatikisika. Iliwahi kuimba kila lori la kwenda Tunduma lilipopita, nami nikawa nalaumu santuri. Je, nimeitupa? Sijaitupa. Ilikuwa hatua ya kwanza, inakopokelewa sauti ya sindano, milivolti tano hivi, na chochote kinachoingia pale kinakuzwa na kila kinachofuata. Nimeipeleka hatua ya pili, iliyo tulivu zaidi ikaja mbele. Preampu nayo nimeishusha kutoka juu ya spika (ndiyo, niliiweka juu ya spika, msinicheke), nikaikatia miguu minne kutoka kwenye ndala iliyokatika mkanda. Sasa malori yapite tu.

Mvumo wa "vuuuu" ni kesi nyingine. Anza na athi (waya wa ardhini) na waya zako nyingine. Na valvu ikipauka nyeupe kichwani pale palipokuwa panang'aa kama kioo, hiyo imeingia hewa. Hiyo zika.

Lakini kuna kitu bado kinanikera. Kama zote nne zilikuwa maiti, kwa nini aliniomba nimwachie? Fundi, kama unasoma hapa: ile inayolia "ting" naiuza. Bei ni ileile uliyonitajia, elfu tisini na tano, na ikikaanga usinipigie simu. Ndivyo zilivyo.